Sura ya Nne: Kutoka Ziwani Hadi Kikombeni

Maji ya bomba yanayofika Katubuka yametoka Ziwa Tanganyika. Yamevutwa na pampu, yakapandishwa mlimani hadi kwenye matangi, yakatiwa dawa, kisha yakaachiwa yateremke ndani ya mabomba yanayopita chini ya barabara, mitaro na viwanja vya watu mpaka kwenye koki. Kwenye koki yanakingwa kwa dumu la lita 20. Kutoka kwenye dumu yanamiminwa kwenye ndoo au mtungi, na humo yanachotwa kwa kikombe. Tunapouliza kama maji ya mji ni salama, kwa kawaida tunauliza habari za ziwa, au tunauliza habari za mtambo. Sura hii inauliza habari za njia. Kigoma Ujiji ina ziwa kubwa mlangoni kwake, na kwa mji wa namna hiyo naamini usalama wa maji ya kunywa huamuliwa zaidi na njia kuliko na chanzo, hasa kile kipande cha mwisho cha safari ambacho hakimo katika ramani ya mhandisi yeyote.

Katubuka ni moja ya kata 19 za Manispaa ya Kigoma Ujiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 230,000 katika manispaa nzima. Mji huu una vichwa viwili: Ujiji ya zamani upande wa kusini, iliyokuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa, na Kigoma upande wa kaskazini, iliyokua baada ya Wajerumani kufikisha reli hapo mwaka 1914. Sehemu za katikati zilijaa polepole, nyumba baada ya nyumba, na mara nyingi watu walitangulia kujenga kabla ya bomba na mfereji wa maji ya mvua kufika. Jambo hilo la mpangilio wa ujenzi linaonekana dogo, lakini tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloamua kinywaji cha mtoto leo.

Kwanza ziwa lenyewe. Ni miji michache duniani iliyojaliwa maji kama huu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika karibu mita 1,470; ni Baikal peke yake, kule Siberia, linalolipita kwa kina. Linabeba takriban kilomita za ujazo 18,900 za maji, yaani kiasi cha sehemu moja kati ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani, ukiacha barafu. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mbali na ufuko maji yake ni maangavu, na wavuvi wengi huyanywa vivyo hivyo wakiwa kazini, bila kuyachemsha.

Lakini ziwa hili lina tabia moja ambayo anayelitumia kama jalala anapaswa kuijua. Lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, unaotoka upande wa Kongo karibu na Kalemie. Maji mengi yanayoingia hutoka kwa kugeuka mvuke, si kwa kutiririka. Wanasayansi wamekadiria kwamba kama ziwa lingetegemea Lukuga pekee kujisafisha, kazi hiyo ingechukua maelfu ya miaka. Tena, chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni, na maji ya chini na ya juu huchanganyika kidogo sana. Kwa hiyo uchafu wa mji hauendi kupotea katika vilindi kama tunavyojidanganya. Mwingi wake hubaki palepale ulipotupwa, kwenye ghuba, kwenye mwalo, kwenye maji ya kina kifupi yanayofikiwa na ndoo.

Wingi wa maji haujawahi kuwazuia watu wa pwani hii kufa kwa kipindupindu. Ugonjwa huo una historia ndefu hapa, na umekuwa ukisafiri na watu. James Christie, daktari aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, akifuatilia jinsi ugonjwa uliopiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870 ulivyopita katika njia za biashara. Kwa kuwa vyombo vya maabara vya kumsaidia havikuwapo, alitegemea kuwahoji wasafiri na wafanyabiashara: ulipita wapi, mwezi gani, msafara wa nani ulirudi umepungua watu. Katika miaka hiyohiyo David Livingstone, akiwa Manyema ng'ambo ya ziwa, aliandika habari za watu waliokuwa wakifa kwa ugonjwa huo. Wimbi la saba la dunia lilianzia Indonesia mwaka 1961, likaingia Afrika mwaka 1970, na kabla ya muongo huo kwisha lilikuwa limefika pwani za Ziwa Tanganyika. Halijaondoka tangu wakati huo. Uvira na Kalemie, upande wa Kongo, ni miongoni mwa miji inayotajwa kila wataalamu wanapozungumzia mahali ambapo kipindupindu kimefanya makao.

Upande wetu, mwaka ambao haupaswi kusahaulika ni 2015. Mwishoni mwa Aprili, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipoteuliwa kugombea muhula wa tatu, watu walianza kukimbia. Makumi ya maelfu walitua Kagunga, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Kigoma, karibu kabisa na mpaka. Kagunga imebanwa kati ya mlima mkali na ziwa. Gari halikufika, njia ya kuwatoa watu ilikuwa ziwa, au kupanda mlima kwa miguu. Kijiji kilichokuwa na vyoo vya kutosha wenyeji wake ghafla kilikuwa na umati ulioketi, kulala na kujisaidia kwenye ukanda mwembamba wa mchanga, na maji ya kunywa yalikuwa hatua chache kutoka hapo, ndani ya ziwa lilelile angavu.

Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, iliingizwa kazini kuwahamisha. Ilitia nanga mbali na ufuko, watu wakapelekwa kwa boti ndogo, kisha wakasafirishwa kwa mamia hadi Kigoma, wakapokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu wakapakiwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kipindupindu kilisafiri nao. Kufikia tarehe 22 Mei, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Waliokufa 29 walikuwa wakimbizi na wawili wenyeji wa Tanzania. Siku mbaya zaidi wagonjwa wapya walikuwa mamia.

Naikumbusha Kagunga kwa sababu inaonyesha wazi kitu ambacho mjini hujificha. Hakuna mtu aliyebadilisha ziwa mwezi ule. Maji yalikuwa yaleyale ya Machi, yenye kina kilekile. Kilichobadilika ni umbali kati ya mahali pa kujisaidia na mahali pa kuchota. Katubuka haijawahi kuwa Kagunga, lakini kila mtaa wenye msongamano, vyoo vya shimo na bomba linalokauka unapungukiwa na umbali huohuo.

Sasa turudi kwenye bomba. Miji inayokunywa ziwa na kutupa uchafu ziwani imekwisha kujifunza kwa gharama kubwa kwamba mdomo wa bomba lazima uhamishwe mbali na watu. Mfano mkubwa ni Chicago. Mji huo ulikunywa Ziwa Michigan na ukatupa maji machafu katika mto uliomwagika kwenye ziwa hilohilo. Mwaka 1867 walikamilisha handaki chini ya ziwa, la maili mbili, ili wachote mbali na ufuko. Uchafu ukawafuata hukohuko. Mwaka 1900 wakafanya jambo ambalo hadi leo linashangaza: walichimba mfereji na kuugeuza mto utiririke kinyume, uupeleke uchafu upande wa Mississippi badala ya ziwani.

Kigoma haiwezi kugeuza mito yake. Imefanya lile la kwanza, la kuhamisha mdomo wa bomba. Ghuba ya Kigoma ina bandari, maghala ya mafuta na mitaro inayoshuka kutoka mjini, na kuendelea kuchota humo kulikuwa kujitafutia matatizo. Mradi mkubwa wa maji uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na Ujerumani kupitia benki ya KfW, pamoja na Serikali ya Tanzania, ulijenga chanzo kipya eneo la Amani Beach, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 42 kwa siku. Ulicheleweshwa kwa miaka, na watu walinung'unika kwa haki. Ila uamuzi wa kuhamisha chanzo ulikuwa sahihi. Gawanya lita hizo kwa watu wa manispaa nzima: kila mmoja, na mtoto mchanga ndani yake, anapata zaidi ya lita 150 kwa siku. Kwa hesabu hiyo mji huu hauna upungufu wa maji. Muulize mama wa Katubuka aliyeamka usiku kukinga ndoo kama anaiamini hesabu hiyo.

Kabla ya kumfuata huyo mama, kuna jambo la kemia ambalo nadhani lingepaswa kufundishwa katika kila shule ya sekondari ya mkoa huu. Maji ya Ziwa Tanganyika si kama maji ya mvua. Mto Rusizi huyaletea chumvi kutoka Ziwa Kivu, uvukizi wa miaka mingi huzikusanya, na matokeo yake ni maji yenye hali ya ualkali, yenye pH inayokaribia 9. Hayo hayamdhuru mnywaji. Yanaidhuru dawa.

Klorini ikiingia majini hujigawa katika sura mbili. Moja ni asidi ya haipoklorasi, ambayo hupenya ngozi ya bakteria na kumuua upesi. Nyingine ni ioni ya haipoklorati, ambayo nayo huua, lakini polepole mno ukiilinganisha na mwenzake. Kinachoamua mgawanyo wao ni pH. Kwenye 7.5 hugawana nusu kwa nusu. Kwenye 9, sura ile kali hubaki kama sehemu tatu tu kati ya mia. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, unaotaka mabaki ya klorini ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, umeambatanishwa na sharti ambalo wengi hulipitia juujuu: pH iwe chini ya 8. Maji yetu hayatimizi sharti hilo. Kipimo kilekile cha klorini kinachotosha Morogoro au Arusha hakiwezi kuhesabiwa kuwa kimetosha Kigoma mpaka mtu ahesabu pia muda. Dawa inahitaji kukaa na maji kwa muda mrefu zaidi ndani ya tangi kabla hayajaachiwa, na tangi linalojazwa na kumalizwa haraka kwa sababu mji una kiu haliipi nafasi hiyo.

Somo hilo linaingia hadi nyumbani. Kidonge cha klorini cha WaterGuard kimeandikiwa lita 20 na nusu saa. Aliyechota maji ziwani moja kwa moja, Kibirizi au Bangwe, atafanya busara akiyaacha yakae zaidi ya nusu saa. Kama maji yana tope baada ya mvua, ayachuje kwanza kwa kitambaa safi, kwani tope huila klorini kabla haijamfikia kiumbe yeyote. Na kama kuni au mkaa upo, kuchemsha hakujali pH: maji yakishatokota sawasawa, vimelea vya kuharisha vimekufa. Ukweli wa pembeni ambao hauna dawa ya kuchemsha ni kichocho, maana chenyewe huingia kwa ngozi. Mtoto anayeoga kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono anaweza kukipata bila kunywa hata tone.

Nikirudi kwa yule mama, tatizo lake ni saa. Maji ya mgawo huja na kuondoka. Pampu zinahitaji umeme, na kwa miaka mingi mkoa huu uliishi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Mabomba ya mitaani hupasuka. Nyumba za mwinuko hukosa msukumo. Sisi tumezoea kuiita hali hii kero, yaani usumbufu, jambo la kulalamikia katika mkutano wa hadhara na kulizoea. Utafiti uliofanyika Uvira, kwenye ziwa hilihili, unatulazimisha tuiite ugonjwa.

Uvira iko kwenye ncha ya kaskazini-magharibi, ikitazamana na Bujumbura. Watafiti wa Chuo cha Usafi na Tiba ya Kitropiki cha London walichukua orodha mbili zilizokuwapo tayari. Ya kwanza ilikuwa kiasi cha maji kilichosukumwa na mtambo wa mji kila siku. Ya pili ilikuwa idadi ya wagonjwa waliolazwa kila siku kwa dalili za kipindupindu. Walizipanga bega kwa bega, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, na wakachapisha matokeo mwaka 2015, mwaka uleule wa Kagunga. Siku ambayo bomba lilikauka kabisa ilifuatwa na ongezeko la wagonjwa kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ikilinganishwa na siku ambazo maji yalitoka vizuri. Kwa makadirio yao, karibu robo ya wagonjwa wote wa mwaka, asilimia 23.2, walihusiana na kukatika huko kwa maji.

Mtambo wa Uvira haukuanza kutengeneza sumu siku hizo. Haukutengeneza kitu chochote, na hilo ndilo lililoua. Bomba likikauka, watu hurudi ziwani na mitoni. Wakiwa na dumu moja badala ya manne, wanachagua kupika na kunywa, na mikono inaoshwa kwa haraka au haioshwi. Halafu kuna jambo la tatu, la ndani ya bomba lenyewe. Bomba lililojaa maji yenye msukumo, hata likiwa na tundu, linatoa maji nje. Uchafu hauna njia ya kuingia. Msukumo ukiondoka, tundu lilelile linageuka mdomo. Maji yaliyotuama kwenye mfereji au yaliyojaa kando ya choo hunyonywa ndani taratibu, na pampu zikiwashwa tena, ujazo wa kwanza unaokwenda kwenye koki ni huo. Watu wa mitaa ya mgawo wanajua kwa macho kwamba maji ya mwanzo huja na rangi. Ni sawa kuyakinga, hasa kwa watu wenye shida ya maji, lakini yawe ya kudeki na kumwaga chooni. Ya kunywa yasubiri mpaka bomba lipate nguvu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni kipi kingeokoa watu wengi zaidi katika mji huu, mtambo mpya au saa nyingi zaidi za maji kwenye mabomba yaliyopo, nitajibu saa, bila kusita. Mtambo huzinduliwa na kiongozi wa Taifa, una jiwe la msingi na picha gazetini. Fundi anayeziba uvujaji saa nane usiku kwenye kichochoro hana jiwe la msingi. Fedha huelekea kunakopigwa picha, na nadhani huo ni mmoja wa misiba ya kimyakimya ya sekta ya maji katika nchi zetu.

Sasa tuitazame ardhi ambamo mabomba hayo yamelala. Katubuka ina bwawa linaloitwa kwa jina la kata yenyewe. Ni mahali pa chini panapokusanya maji ya mvua kutoka sehemu za juu, na katika misimu ya mvua kubwa ya miaka ya karibuni maji yalipanda yakaingia katika nyumba, familia zikahama. Gharika ya namna hii hupimwa kwa kuta zilizoanguka na magodoro yaliyoloa. Hasara ambayo haionekani ni kwamba kila choo cha shimo kilichofunikwa na maji hayo kimefunguliwa, na kila kisima kilicho jirani kimepokea. Maji ya ardhini yanapopanda, ule udongo mkavu uliokuwa ukichuja kati ya shimo na kisima unatoweka. Viwango vya kimataifa vya huduma za dharura vinataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji, na sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Katika kiwanja cha mjini, mita 30 zinavuka nyumba ya jirani na ya jirani yake. Mwenye kisima anaweza kutii kila ushauri na bado akanywa choo cha mtu asiyemfahamu.

Ziwa nalo lilipanda. Mwaka 2020 na 2021 kina chake kilifika juu kuliko ilivyoonekana tangu miaka ya 1960, likafunika sehemu za bandari ya Kigoma, mwalo wa Kibirizi na nyumba za pwani, na ng'ambo likaingia Bujumbura na Uvira. Huko pwani vyoo vilimezwa na maji yaleyale ambayo watu walikuwa wakiyachota. Anayesema kwamba mifereji ya maji ya mvua ni kazi ya barabara, na maji ya kunywa ni kazi ya mamlaka ya maji, anapaswa kupelekwa Katubuka mwezi wa Aprili. Mfereji unaoyatoa maji ya bwawa lile hadi ziwani bila kupita kwenye nyumba za watu ni mradi wa maji ya kunywa, hata kama fedha zake zinatoka katika fungu jingine.

Kimebaki kipande cha mwisho: kutoka koki hadi mdomoni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Tanzania walichapisha kazi waliyoifanya Dar es Salaam, katika kaya zisizo na bomba ndani ya nyumba. Walipima maji kwenye chanzo, maji kwenye chombo cha nyumbani, na mikono ya wanakaya. Maji ya chomboni yalikuwa na vimelea vya kinyesi vingi kuliko ya chanzo, na hali ya mikono ilikwenda sambamba na hali ya chombo. Maji yalichafuliwa zaidi nyumbani, na si kwa uzembe. Ndoo yenye mdomo mpana inaalika mkono. Mtoto anachota kwa kikombe alichokiokota chini, vidole vinazama majini, na aliyekuja nyuma yake anakunywa.

Bibi zetu walikuwa na jibu lililofinyangwa kwa udongo. Katika mitaa ya mabanda ya Kolkata, miaka ya 1980, watafiti waliwapa baadhi ya familia zenye mgonjwa wa kipindupindu chungu cha kienyeji chenye shingo nyembamba, kiitwacho sorai. Maambukizi ndani ya familia hizo yalipungua sana ukilinganisha na familia zilizobaki na ndoo zao, na chombo kilifanya kazi inayokaribiana na ya klorini. Mtungi wa shingo nyembamba unamlazimu mtu amimine asichote. Dumu lenyewe, kwa mdomo wake mdogo, ni chombo kizuri kuliko ndoo, mradi lioshwe ndani kwa kokoto ndogo na sabuni na lisiachwe na utelezi wa kijani. Ndoo ya plastiki yenye koki chini na kifuniko juu, inayotumika kunawia mikono mashuleni na kwenye mahoteli, inafaa vilevile kwa maji ya kunywa. Nyumba inayoweza kununua kitu kimoja tu ingeanza na hiyo.

Haya yote yanaweza kupimwa, na vipimo si siri ya maabara. Klorini iliyobaki hupimwa kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Rangi inalinganishwa na kadi, na kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Kuna kichupa kilichobuniwa India mwaka 1982, chenye karatasi iliyotiwa dawa, ambacho hugeuka cheusi ndani ya siku moja au mbili kama maji yamebeba vimelea vya utumbo. Hakitoi idadi, lakini mwenyekiti wa mtaa anaweza kukisoma. Kipimo rasmi cha maji ya kunywa kinataka bakteria wa kinyesi wawe sifuri katika mililita 100, na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Kigoma/Ujiji, kama wenzake wa miji mingine, inasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), ambayo hutoa taarifa ya mwaka juu ya mamlaka hizo.

Shida ya taarifa ya mwaka ni wastani wake. Inachanganya koki iliyo chini ya tangi na koki ya mwisho wa mstari, inachanganya Julai kavu na Aprili ya mafuriko, inachanganya maji ya saa ya kwanza baada ya mgawo na maji ya saa ya tano. Sampuli ikichotwa ofisini saa nne asubuhi, bomba likiwa limejaa, itakuwa safi karibu kila mara. Mwanamke wa Katubuka hanywi wastani wa manispaa. Anakunywa maji ya koki moja, ya saa aliyoamka.

Tarakimu anazozihitaji ni mbili, na zingetosha kubandikwa kila wiki kwenye mbao za matangazo za ofisi ya kata, ziandikwe kwa kalamu ya wino mzito: maji yametoka saa ngapi wiki hii katika mtaa wake, na klorini iliyobaki kwenye koki ya mbali kuliko zote ilikuwa kiasi gani dakika 30 baada ya maji kurudi. Ya pili ikiwa sifuri, achemshe. Ya kwanza ikishuka wiki mbili mfululizo, zahanati iongeze akiba ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini bila kusubiri mgonjwa wa kwanza, kwa kuwa Uvira imetuonyesha kwamba siku ya bomba kukauka na siku za wagonjwa kuongezeka zinatenganishwa na muda usiozidi siku 12.